Miguu Iumayo Usiku wa Manane

 Mniwie radhi ikiwa mazungumzo ya leo hayahusu siasa wala bei ya karafuu, kwani nimekusudia kusema juu ya jambo ambalo aghalabu hupita kati ya mama na mtoto wake wakati nyumba nzima imelala, nalo ni yale maumivu ya miguu yamshikayo mtoto mdogo usiku, yakamwamsha akilia, kisha kukipambazuka yakawa hayapo tena.

Mtoto wa namna hii huwa na umri baina ya miaka 3 na 12, na siku yake imekwenda kama ziendavyo siku za watoto wote wenye afya: asubuhi skuli, alasiri chuoni, na baada ya chuo kombolela au mpira wa matambara uwanjani, mpaka mwadhini anadi magharibi ndipo aitwe kwa ukali aje akoge. Amekula, amelala, hana homa, hana jeraha; kisha saa nne au saa tano za usiku, na pengine usiku wa manane, huzinduka akilia na kushika miguu yake yote miwili, akisema inauma hapa, na ukimwuliza hapa ni wapi hakuonyeshi kwa kidole, bali hupitisha kiganja kizima juu ya muundi, au juu ya shavu la mguu, au juu ya paja, au nyuma ya goti, maana maumivu yenyewe yamo ndani ya nyama wala hayana kituo. Huweza kulia hivyo kwa dakika chache, huweza kulia kwa nusu saa au zaidi, halafu hulala. Na kunapokucha, yule mama aliyekesha, macho mekundu, humwona mwanawe akiruka ngazi mbili mbili kwenda kumfungulia mlango muuza mkate. Usiku wa pili hakuna kitu. Juma zima hupita bila kitu, hata mama akasahau. Kisha huja tena.

Hapo ndipo hukumu za nyumbani zinapoanza. Baba, ambaye usingizi wake umekatizwa na alfajiri anangojewa kazini, husema kwamba mtoto anadeka, kwani mguu unaouma kweli haukimbii asubuhi. Shangazi husema kwamba kuna jicho la hasidi, au kuna kitu kimempitia mtoto alipokuwa akicheza chini ya mbuyu saa za magharibi. Na bibi, ambaye amelea wana na wajukuu na hana haraka ya kuogopa, husema kwamba mtoto anakua, ndiyo mifupa hiyo inarefuka, mpakeni mafuta alale.

Katika hukumu hizi tatu, ya baba ndiyo iliyo mbali kabisa na haki, nami nitaisemea kwanza, si kwa kuwa akina baba ni wabaya, bali kwa kuwa hoja yao ina sura ya akili na kwa hiyo hudanganya. Kule kuja na kupotea kwa maumivu, kule kuwapo usiku na kutokuwapo asubuhi, ambako baba hukuhesabu kuwa ushahidi wa uongo, ndiko hasa kunakompa tabibu utulivu wa moyo. Kwani mguu wenye ugonjwa wa hatari hauna desturi ya kupumzika mchana ili mwenyewe acheze, na lau mtoto angeamka akichechemea, na hamu ya kucheza imemtoka, hapo ndipo ingetupasa kuingiwa na hofu. Mtoto wa miaka minne, tena, hana ufundi wa kujiamsha katika usingizi mzito ili afanye hila. Maumivu yake ni ya kweli, hata ikiwa hayatoki katika jeraha lolote lionekanalo kwa macho wala kwa picha ya eksirei.

Kuhusu shangazi nina maneno machache. Anayemsomea mtoto Ayatul Kursiyu huku amempakata sina ugomvi naye hata kidogo, kwa sababu sauti ya mtu mzima isomayo taratibu, na mkono wake uliotulia juu ya kichwa cha mtoto, vyote viwili humtuliza. Ugomvi wangu ni na yule amchukuaye mtoto kesho yake kwenda kupigwa chale miguuni, kwani wembe ule huweza kumtia pepopunda au maradhi ya damu, ilhali alikwenda na miguu mizima.

Ama kauli ya bibi, nasaba yake ni ndefu kuliko tunavyodhani, na tena ni nasaba ya kitabibu. Mwaka 1823 tabibu wa Kifaransa aitwaye Marcel Duchamp, ambaye si yule msanii mashuhuri aliyekuja baadaye kwa jina lilo hilo, aliandika juu ya maradhi aliyoyanasibisha na kukua, na tangu hapo fikra hiyo ikaenea Ulaya na kwingineko, ikashikwa na waganga na wazee kwa pamoja. Katika karne ile, na hata mwanzoni mwa karne iliyofuata, matabibu waliichanganya adha hii na homa ya baridi yabisi, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa na wenye kudhuru moyo, na kwa mchanganyiko huo watoto wazima walilazwa kitandani bila sababu, na pengine wagonjwa nao wakaachwa waende zao. Mwaka 1951 matabibu wawili wa Uingereza, Naish na Apley, walipochapisha uchunguzi wao, walikata shauri la kuweka mipaka: maumivu yawe yamekuwa yakirudi kwa muda usiopungua miezi 3, yawe na vipindi vya kupoa kabisa, yasiwe katika viungo vyenyewe, na yawe na nguvu ya kutosha kuvunja usingizi au kumkatiza mtoto shughuli zake. Kwa masharti hayo makali waliwapata watoto wanne hivi katika kila 100. Angela Evans na Sheila Scutter, walipowauliza wazazi wa watoto wa miaka 4 hadi 6 huko Australia Kusini na kutangaza matokeo yao mwaka 2004, walipata takriban 37 katika kila 100. Tofauti hiyo isimshangaze mtu, maana kila mmoja alivua kwa nyavu ya matundu yake. Lakini hata tukiikubali ile hesabu ndogo, darasa la watoto 50 lina wawili wanaoamka usiku na kushika miundi, na pengine mwalimu wao huwaona asubuhi wakisinzia akadhani kwamba walikesha kwenye televisheni.

Je, ni kweli kwamba kukua ndiko kunakouma? Laiti ingekuwa hivyo, maumivu yangewashika watoto wachanga kuliko wote, kwani katika mwaka wake wa kwanza mtoto hurefuka takriban sentimita 25, kiasi ambacho hatakifikia tena maishani mwake. Na baada yao yangewashika vijana wanaobaleghe, ambao suruali zao huwa fupi kabla hazijachakaa. Badala yake huwashika hawa wa katikati, ambao hurefuka sentimita 5 au 6 tu kwa mwaka, yaani kwa siku moja haifiki hata sehemu ya tano ya milimita. Isitoshe, mikono nayo hurefuka, wala hatusikii mtoto akiamka usiku kulilia mikono, ila kwa nadra. Walakini nisije nikamdhulumu bibi, kwani mwaka huo huo wa 2004 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliweka vipimo katika mifupa ya miundi ya wanakondoo, wakaona kwamba asilimia 90 au zaidi ya kurefuka kwa mfupa hutokea wakati mnyama amelala, si wakati amesimama. Kwa hiyo mtoto hukua usingizini, hilo bibi alilijua bila ya kondoo. Lililobaki bila kuthibitishwa ni kwamba kukua huko ndiko kunakomwuma.

Sababu zinazopewa uzito leo ni za kawaida zaidi. Ya kwanza ni uchovu wa misuli na mifupa iliyotumika mno mchana, na mama yeyote mwenye kumbukumbu atashuhudia kwamba usiku wa kilio aghalabu hufuata siku ya michezo ya skuli, au sikukuu ya Idi ambapo mtoto alizunguka mtaa mzima kukusanya idi yake. Ya pili ni kwamba watoto hawa, walipopimwa, walionekana kusikia maumivu upesi kuliko wenzao, yaani kile ambacho kwa mwingine ni uchovu tu, kwao ni kuumwa. Ya tatu ni nasaba: hali hii hupatikana sana katika baadhi ya jamaa, hata nimekuwa nikiwashauri akina mama kwamba, kabla ya kubishana na baba kuhusu kudeka, waende kwanza wakamwulize mama mkwe jinsi huyo baba mwenyewe alivyokuwa akilala alipokuwa na miaka mitano. Majibu ya mama mkwe aghalabu humaliza ubishi.

Sasa tuje kwenye muradi wetu, ambao ni nini cha kufanya usiku ule ule, taa ikiwa imezimwa na mtoto analia.

Jambo la kwanza ni kumwamini, na kumwambia kwamba unamwamini. Usiwashe taa kubwa, wala usimwamshe kila mtu. Kaa kando ya kitanda, mpakate miguu yake juu ya mapaja yako, nawe uwe umekwisha kupasha viganja vyako moto kwa kuvisugua kimoja kwa kingine pamoja na mafuta kidogo. Mafuta bora kuliko yote kwa kazi hii, kwa maoni yangu, ni mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, lile tui la kwanza likachemshwa polepole mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge, kwa kuwa ni mepesi, hayawashi ngozi, na harufu yake mtoto ameizoea tangu alipozaliwa. Asiye nayo atumie mafuta ya ufuta, au hata mafuta ya kupikia, kwani fadhila haimo katika mafuta bali katika mkono. Mafuta ni ya kuufanya mkono utelee tu.

Anza kwenye kifundo cha mguu, ukipanda kuelekea goti, kwa kiganja kizima na si kwa ncha za vidole, ukilizunguka shavu la mguu kwa dole gumba upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, ukibana kidogo na kuachia, ukibana na kuachia, kisha ukishuka bila kubana. Usimkande kama akandaye unga wa maandazi. Nguvu ile inayotumika kwa mtu mzima aliyetoka kupakua magunia haimfai mtoto, na juu ya mfupa wa muundi wenyewe, pale mbele ambapo hakuna nyama, pitisha kiganja tu pasina kukandamiza. Nyuma ya goti pia uwe mwororo. Chua mguu mmoja, kisha wa pili, hata akisema kwamba mmoja ndio unaouma zaidi. Na aghalabu, kabla hujaurudia ule wa kwanza, pumzi yake itakuwa imebadilika. Mambo haya akina baba nao wanayaweza. Mkono wa baba ni mpana, huenea mguu mzima wa mtoto kwa mara moja, na sijui ni nani aliyepitisha kanuni kwamba kuchua watoto ni kazi ya wanawake.

Ikiwa kuchua hakukutosha, joto husaidia. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kikamue, kijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, halafu kizungushe mguuni, na kikipoa ukirudie. Ama ule mpira wa maji ya moto tulioachiwa na wazee wetu, usiweke ndani yake maji yaliyotoka kutokota, uuvishe kanga iliyokunjwa, na mtoto akishalala uuondoe kitandani, kwa maana ngozi ya mtoto huungua kwa joto ambalo sisi tunaliona la kawaida, naye akiwa usingizini hawezi kukuambia. Nyumba nyingine humwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kulala katika siku zile ambazo amecheza sana, na hiyo ni desturi njema ambayo haina gharama ila kuni.

Kuna jambo jingine ambalo si la usiku bali la asubuhi na jioni, nalo ni kunyoosha misuli. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Kanada, Baxter na Dulberg, walieleza jinsi walivyowafundisha wazazi kuwanyoosha watoto wao misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu kila siku, na watoto hao wakapoa upesi kuliko wenzao ambao hawakunyooshwa. Uchunguzi ulikuwa mdogo, lakini dawa yenyewe haina madhara, na watoto huipenda maana huigeuza mchezo. Mlaze mtoto chali, mguu umenyooka, ushike wayo wake na kuusukuma taratibu uelekee kichwani mpaka ahisi kuvutwa nyuma ya shavu la mguu, mhesabie pole pole kumi, uachie. Kisha uinue mguu mzima ukiwa umenyooka mpaka ahisi kuvutwa nyuma ya paja. Kisha mgeuze kifudifudi, ukilete kisigino chake kuelekea kwenye tako, ili paja la mbele nalo lipate haki yake. Akisema basi, iwe basi.

Na dawa? Paracetamol inafaa, katika usiku ule ambao kilio kimezidi na mikono haikutosha, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, si umri wala urefu wa kilio: miligramu 15 kwa kila kilo, ndiyo kusema kwamba mtoto wa kilo 16 hupewa miligramu 240, na ikiwa ile ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kama zilivyo nyingi madukani, basi ni mililita 10, zilizopimwa kwa kikombe kilichokuja na chupa na si kwa kijiko cha chai, kwa sababu vijiko vyetu vya chai havilingani hata katika kabati moja. Asipewe tena kabla ya saa 6 kupita, wala asizidishiwe mara 4 kwa usiku na mchana. Aspirini asipewe kabisa. Huko Uingereza tangu mwaka 1986 imeagizwa kwamba watoto wasipewe, kwa kuwa ilihusishwa na maradhi adimu ya ini na ubongo yanayomwangusha mtoto ghafla, hasa akiwa anatoka katika mafua makali au tetekuwanga.

Nisipotaja dawa za kuchua zenye ukali nitakuwa sikuwatendea haki watu wa visiwani, ambako mafuta ya karafuu hayakosekani. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kutoka kwenye makonyo ya karafuu, nayo ni mafuta yenye sifa njema duniani, lakini ni makali. Yakipakwa matupu kwenye ngozi ya mtoto huiunguza, na akiyanywa yanaweza kumharibu ini. Karafuu maiti nayo, ambayo imo katika marhamu nyingi za kuchua zilizomo vikoponi na madukani, ikimezwa na mtoto mdogo hata kwa kiasi kidogo huweza kumtia degedege, na mtoto ambaye miguu yake imepakwa dawa usiku hushika mguu kisha hutia vidole mdomoni. Mafuta ya taa sihitaji kuyasemea, ila nasema kwa sababu bado yapo majumba yanayoyatumia.

Nimezungumza sana juu ya mkono, na sababu yake ni kwamba mkono unaochua ndio huo huo unaopima, na pengine hupima vizuri kuliko swali lolote. Mtoto mwenye maumivu haya tunayoyazungumza hutaka kushikwa. Ukianza kumchua hukusogezea mguu, na ukiacha hukurudisha. Mtoto mwenye usaha ndani ya mfupa, au mwenye kiungo kilichovimba, hufanya kinyume: ukinyoosha mkono tu huurudisha mguu wake nyuma, na ukimgusa hupiga ukelele. Ukikutana na mguu ambao haukubali mkono wako, usiulazimishe, kwani kuukanda mguu wenye uvimbe na joto huweza kuuzidishia madhara makubwa. Funga kanga yako, mbebe mtoto, mpeleke hospitali bila kungoja kesho kutwa.

Kadhalika mkono huo huo uwe unatafuta. Unapochua, linganisha mguu wa kulia na wa kushoto: je, mmoja ni moto kuliko mwenziwe? Je, goti limejaa, ile mifereji ya pembeni mwake haionekani tena? Je, ni mguu mmoja tu, tena pahala pale pale, usiku baada ya usiku, na mtoto anapaonyesha kwa ncha ya kidole? Je, kuna alama za kuvilia damu ambazo hakuna aliyemwona akijigonga? Na asubuhi, mtazame akienda bila yeye kujua kwamba unamtazama, kwa maana kuchechemea kwa asubuhi hakumo katika hadithi ya maumivu haya hata kidogo.

Katika pwani yetu ugonjwa wa kukumbukwa kwanza ni seli mundu. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya na aliyefanya uchunguzi katika nchi hizi zetu, alionyesha kwamba wenye kurithi mbegu ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria, na ndiyo maana imekaa sana pahala penye mbu wengi, yaani kwetu. Bali arithiye kwa wazazi wote wawili huumwa. Tanzania peke yake huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Maumivu yake ni ya mifupa, ni makali, hayaangalii usiku wala mchana, huchochewa na baridi na kiu na homa, na aghalabu hutanguliwa, mtoto akiwa na umri wa miezi 6 hadi miaka 2, na kuvimba kwa viganja na nyayo, kisha weupe wa macho ukawa na umanjano na damu ikawa pungufu. Mtoto ambaye miguu humwuma na katika ukoo kuna aliyekufa mdogo kwa "damu kupungua", asichuliwe akaachwa, apimwe damu.

Wa pili ni ile homa ya baridi yabisi ambayo matabibu wa zamani waliichanganya na maumivu yetu. Hii huwajia zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, majuma mawili au matatu baada ya mafindofindo ambayo huenda yalipita bila dawa, na maumivu yake hukaa katika viungo vyenyewe, vikavimba na kuwa vya moto, leo goti la kulia, kesho kutwa kifundo cha kushoto, yakihama hama kama mpangaji asiyelipa kodi. Na uovu wake haumo miguuni bali moyoni, ambako huziharibu vali kidogo kidogo, hata mtu akaja kushindwa kupanda ngazi akiwa na miaka 20. Hapa pia kuchua hakufai kitu, ila tabibu na dawa ya penisilini.

Saratani ya damu ni nadra, nami naitaja kwa sauti ya chini ili nisije nikawakosesha usingizi wazazi ambao tayari wamekosa. Maumivu yake ya mifupa huzidi siku hadi siku badala ya kuja na kupotea, na huambatana na weupe usio wa kawaida wa midomo na viganja, homa isiyokwisha, damu ya puani, kukonda. Mtoto aliyenenepa, anayekula, anayegombana na nduguze kwa nguvu zote mchana kutwa, si huyo.

Wazazi wengi huniuliza kama inafaa kumzuia mtoto asicheze, maadamu uchovu ndio unaoshukiwa. Jibu langu ni hapana. Mtoto aliyezuiwa kukimbia kwa ajili ya miguu inayomwuma mara moja kwa juma ameadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na zaidi ya hayo atafundishwa kwamba mwili wake ni kitu kibovu cha kuhofiwa. Aachwe acheze, na siku ambayo amecheza kupita kiasi, mama aandae mafuta karibu na kitanda kabla ya kulala. Maumivu yenyewe huisha kadiri mtoto anavyokua, mengine baada ya mwaka au miaka miwili, mengine yakikawia mpaka karibu na kubaleghe, wala hayamwachii kilema wala ufupi. Yafaa, hata hivyo, kumweleza mwalimu wake, ili siku akisinzia darasani asichapwe. Na yafaa kuandika katika daftari usiku ule ambao miguu iliuma na alichofanya mtoto mchana wake, kwa kuwa daftari hilo, likipelekwa kwa tabibu, humwambia mambo mengi ambayo mama aliyechoka hawezi kuyakumbuka akiwa amesimama mbele ya meza.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akitujaalia, mazungumzo yatakuwa juu ya hayo mafindofindo niliyoyataja, jinsi ya kuyatambua katika koo la mtoto kwa mwanga wa tochi na mpini wa kijiko, na kwa nini dawa yake imalizwe hata ikiwa mtoto amepona siku ya pili. Wenye maswali wayaandike mapema, na wasisahau kutaja umri wa mtoto na uzito wake.